Mwalimu Aliyekataa Ushindi wa Chai

Mwalimu mstaafu wa kemia wa kule Kizuka amefariki. Habari nilizipata sokoni Rumonge kwa muuza mawese, aliyeongeza kwamba marehemu alimsumbua sana kuhusu usafi wa madumu. Nikajua ni yeye hasa. Nimehuzunika, ingawa hakuwahi kunikaribisha kitu kinachonyweka. Kwake chai ilikuwa majani ya mibuni yaliyochemshwa, na kabla hujameza umeshaelezwa kwamba robusta si arabika, tunda si jani, na jani changa lina kafeini, ile inayoleta uchungu, zaidi kuliko lililokomaa.

Aliporudi kutoka ukimbizini Tanzania alikuta shamba la baba yake linalimwa na mtu mwingine. Wakagawana, kama wengi walivyogawana huku. Ukabaki mstari mmoja wa mibuni mpakani. Baba yake alifia ukimbizini, na katika vyote alivyopanda hapa hakikubaki kingine. Mwalimu alisema ni robusta ya mzee wake. Yule mwingine, sasa jirani yake, akasema ni arabika aliyoileta mwenyewe kutoka milimani. Kwa macho hawakukubaliana, basi bashingantahe, wazee wetu wa usuluhishi, wakakubali kuonja. Yakachemshwa majani ya mstari ule, na ya shamba la kila mmoja, robusta ya mwalimu na arabika ya jirani. Wazee wakanywa, wakakunja nyuso, wakasema mstari una uchungu uleule wa kwa mwalimu.

Alikuwa ameshinda. Ndipo akainamia masufuria, akaanza kuchambua majani.

"Bashingantahe, mutanisamehe," akasema. "Ya mustari na ya kwangu iko machanga, ya jirani iko mazee. Hapa hatujapima kitu."

Wazee hawakuwa tayari kunywa tena. Mstari wakampa jirani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiupalilia. Mke wa mwalimu akamuuliza mumewe, "Sasa tutakula shimi, hiyo kemia yako?" Mwalimu aliitazama ile mibuni ya baba yake, nami nikamwonea huruma.

Juzi, msibani, yule jirani alisimama mbele ya watu. "Ile mibuni ilikuwa ya baba yake," akasema. "Nilijua tangu zamani."

"Na yeye alijua," mjane akamjibu. "Ushahidi tu ndiyo alikosa."

Somo lake ni gumu, na sidhani kama nalipenda: mtu aweza kuwa na haki, na bado akakataa kuipata kwa kipimo kibovu. Sisi wengine, tukishajua haki ni yetu, chai yoyote inatutosha.