Rula kwenye Pua ya Muzee

Juzi, katika duka la miwani pale mtaani Mapendo, mama fundi mwenye miwani mizito alimwekea muzee mmoja rula puani. Muzee akausukuma mkono wa fundi taratibu.

"Mama, juu ya nini unapima pua yangu?"

"Miwani isianguke, papa."

"Wakoloni nao walikuja na rula, eti wanatafuta damu ya watu bora. Pua ya baba yangu wakaiandika kabila moja. Ya ndugu yake, mama moja baba moja, wakaiandika kabila ingine! Anza na pua yako."

Tuliokuwa foleni tulicheka, huku kila mmoja akiibia jicho pua ya jirani. Mama fundi akajipima kwenye kioo, kisha akampima muzee.

"Papa, ziko sawa kabisa."

"Basi tuko kabila moja: ile ya wenye hawaone mbali."

Wapimaji walirudi kwao zamani, rula wakatuachia. Mimi niliyecheka kuliko wote nilifika nyumbani, nikafunga mlango, nikachukua rula ya shule ya mwanangu, nikasimama mbele ya kioo.