Mashine Isiyopiga Hodi

Nilijiuza mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, Ijumaa moja baada ya swala, mtoto mdogo ananyonya na mkubwa kaning'ang'ania pindo la kanga. Sina wa kumlaumu kwa hilo. Kwa mengine ninao.

Nyumba yetu iko Kiegeani. Nyuma ina ua mkubwa, umezungushiwa ukuta wa matofali ambao mume wangu aliunyanyua mpaka ukapita kimo cha mtu, na ndani ya ukuta huo ndimo ninamoishi. Chumbani ni kwa kulala. Uani ndiko ninakokaa kichwa wazi na kanga moja kifuani, nikiogesha watoto, nikikuna nazi, na jirani yangu akija na ukili wake tunakaa mpaka adhuhuri, yeye anasuka, mimi nanyonyesha, tunasemana vibaya na kucheka. Nje ya ukuta ni buibui na shikamoo na kutazama chini. Nikinyang'anywa ua ule sibaki na kitu.

Mume wangu ni dereva Maskati, mwaka wa nne sasa. Huko bosi wake ana bustani ya nyasi mbele ya nyumba, inanyweshwa kwa mabomba, na jambo hilo lilimwingia kichwani kama homa. Alipokuja likizo mara ya mwisho aliupanda ua mzima ukoka, akavua viatu, akatembea juu yake, akapiga picha, akaondoka. Huku kwetu ua ni mchanga. Unaufagia asubuhi, na nyoka akipita unaiona njia yake imejichora, unajua wa kumtafuta. Kwenye nyasi hujui chochote.

Masika yalipokolea ukoka ulinifika magotini. Mwanangu mkubwa ana miaka miwili na mbio zake hazina breki. Siku moja nyoka alitoka kwenye nyasi karibu na ndoo aliyokuwa akichezea, akakatiza taratibu, akaingia upande wa pili, na mimi nimekaa na kichanga mapajani na mshono wa upasuaji wa kujifungua ambao nesi alishanionya kwamba nikishika panga au jembe utafumuka. Nilipiga kelele tu. Mtoto akanitazama mimi, hakumtazama nyoka.

Nikampigia baba watoto. Nikamwambia Kilindoni kuna mtu ana mashine ya kukatia nyasi, ile ya kubeba begani, aje nusu siku amalize. Akaniambia hakuna mwanamume atakayeingia uani kwake yeye hayupo. Nikamwambia basi nitamkalisha shangazi yako aangalie. Akasema hapana. Nikamwambia kuna nyoka. Akasema ndiyo maana ananunua roboti.

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Bosi wake alikuwa nayo, dude kama kobe mkubwa, linatembea lenyewe na kukata nyasi, likichoka linarudi kujichaji. La bosi lilikuwa la zamani, linalotaka waya ufukiwe kuzunguka ua mzima ili lijue mwisho wake. Yeye hakutaka waya, kwa sababu waya unataka fundi, na fundi ni mwanamume. Alitaka zile mpya zisizo na waya. Ila maelezo yake yote ni ya Kiingereza, na Kiingereza cha mume wangu ni cha kushoto, kulia na simama hapa. Basi kazi ya kuchagua ikawa yangu. Yeye anatuma kurasa kwenye simu, mimi nasoma, Ijumaa ananipigia namtafsiria.

Wiki tatu nilisoma habari za roboti kwa bando langu, nyasi zinapanda. Nilianza kwa hasira, lakini nikajikuta naitaka kweli. Niliitaka kama mtu anavyoitaka dawa.

Ya kwanza ilikuwa inajiongoza kwa setilaiti. Inataka uwazi juu, isikingwe na miti. Ua wetu una minazi tisa, na minazi si yetu. Kiwanja ni cha mume wangu, minazi ni ya shangazi yake, aliachiwa na babake, na mtu wa kisiwani hapa haoni ajabu ardhi kuwa ya huyu na mnazi uliosimama juu yake kuwa wa yule. Mume wangu alisema atamwomba shangazi aikate. Hakumwomba. Anamwogopa, kama wote tunavyomwogopa. Ya pili ilikuwa inapima njia kwa miali isiyoonekana, lakini ilikuwa ya bustani ndogo, kwetu ingekufa njiani. Ikabaki ya kamera.

Hiyo ndiyo niliyoisoma Ijumaa ile. Nikamwambia ina jicho mbele, inaona yenyewe, haitaki setilaiti, minazi haiisumbui. Ikiona kiatu inakikwepa. Ikiona mtoto inasimama na visu vyake vinasimama. Hapo furaha ilinipanda. Nilikuwa nimeota vile visu, vidogo kama nyembe, na miguu ya mwanangu. Nikaendelea kusoma kwa furaha, bila kutangulia kwa macho, natafsiri mstari kwa mstari kama niko mbele ya mwalimu: na mwenye mashine anaweza kuona kwenye simu yake, popote alipo duniani, kile ambacho mashine inakiona wakati huo.

Nilisikia kipoza hewa cha gari lake.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Ningeweza kusema nimekosea. Ningeweza kusema ni kwa wateja wa Ulaya tu. Kila siku nafikiria uongo ambao ningeweza kuusema, na ninao mwingi sasa.

"Basi hiyohiyo."

"Unataka kuangalia nyasi au kuniangalia mimi?"

"Kwani una nini cha kuficha?"

"Nina mwili. Na jirani yangu ana mwili wake. Tunakaa wazi pale."

"Mjifunike."

"Uani?"

"Uani."

Akaniambia kuna mtu anarudi Tanzania mwezi unaofuata, atamkabidhi. Akasema ni mume gani mwingine anayemjali mkewe hivi. Nikakata simu. Sijawahi kumkatia simu kabla ya siku ile.

Nilimwambia jirani. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake haviachi ukili, kisha akakunja kipande chake na kukitia kwenye mkoba. Hakuwa na hasira na mimi. Alisema, "Hicho chenye jicho kikifika unijulishe, nisikanyage hapa. Mume wangu mwenyewe hajaniona mchana hivi, aje anione wako." Tukacheka, lakini keshoye hakuja, na kesho kutwa hakuja, na dude lenyewe lilikuwa bado halijapanda ndege.

Nilibaki na mtu mmoja wa kumlilia. Shangazi wa mume wangu alikuja na mkwezi wake kuangusha nazi, kama anavyokuja kila baada ya miezi michache. Mkwezi huyo ni mwanamume, na mume wangu hajawahi kumzuia. Hathubutu. Mkwezi alikohoa mlangoni, akapiga hodi, akangoja. Alipofika chini ya mnazi wa kwanza, kabla hajatia mguu, akapaza sauti majirani wote wasikie, kwa sababu ukiwa juu ya mnazi unaona bafu za watu zisizo na paa na nyua zote: "Napanda jamani, jisitirini." Akangoja tena. Ndipo akapanda.

Nikamwamkia shangazi, akaitikia marahaba, nikamweleza yote, machozi yananidondoka juu ya kichanga. Akauliza swali moja.

"Hicho chombo kinapiga hodi?"

"Hakipigi."

"Mkwezi wangu anapanda kwa mdomo kwanza, miguu baadaye. Hicho kitaingia kwa jicho." Akasonya.

Nikadhani nimepona. Nikamwomba aseme na mume wangu. Akaangalia juu, nazi zinaanguka puu, puu, na mwanangu nimembana magotini asikimbie kuziokota.

"Mkamwana, mimi mwenye minazi. Minazi haikatwi. Nyumba ni yake, nyasi ni zake, sina neno hapo."

Nikamuuliza, na mimi ni mwenye nini? Alihesabu nazi zake, akaniachia tano za mchuzi, akaenda.

Kesho yake nilichukua mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukalia, nikaiweka katikati ya ua, nikakaa kwa upande jino lisinichome, na nikaanza kung'oa. Sikukata, maana nilikatazwa kushika panga. Kung'oa kwa mkono mtu amekaa hakuna aliyenikataza. Ukoka hautoki kwa mara moja, unavuta shina hapa na ardhi inatikisika kule. Kichanga kwenye mkeka, mkubwa nimempa kazi ya kubeba manyasi mpaka jalalani, alibeba mawili akalala. Nilipofika mbali nilisogeza mbuzi hatua moja. Kucha ziliniisha. Mshono ulivuta, nikapumzika, nikarudi. Nililia pia, siyo kidogo, na nilimtukana mwanamume mmoja kwa majina yote ninayoyajua na mengine niliyoyatunga palepale.

Siku ya nne jirani alichungulia. Alivuta kigoda akaanzia upande wa pili.

Boksi lilipofika ua ulikuwa mchanga kutoka ukuta hadi ukuta, na michirizi ya fagio. Aliyelileta alipiga hodi, akaliacha mlangoni. Nililipandisha juu ya kabati bila kulifungua, nikalifunika shuka, jicho lake likiwa humohumo ndani.

Mume wangu alitaka nimpigie kwa video aone linavyofanya kazi. Nikamwonyesha ua.

"Umeiua bustani yangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa, sikuitegemea. "Nilikuwa naiangalia ile picha kila siku."

"Njoo uniangalie mimi."

Akakata yeye.

Hajapiga tangu siku hiyo, ni wiki ya saba. Matumizi ya watoto yanakuja, salamu haziji. Juzi aliandika kwamba anakuja Desemba na atapanda upya. Sijamjibu, kwa sababu sijui nimjibu nini ambacho hakitatuvunja. Mvua za mwisho zimenyesha na ukoka una roho ngumu, ulijiachia vipande chini ya mchanga ambavyo sikuvifikia. Leo asubuhi, kabla ya kufagia, nimekuta machipukizi manne karibu na pipa la maji. Nimekaa chini nikayang'oa, kisha nikafukua na vidole kutafuta yalikotoka.