Polishi ya Bawa la Kushoto

Mke wangu ni fundi cherehani. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia mwanamke ametengeneza ndege kwenye stoo ya nyumbani kwake, wanadhani lazima kasomea uhandisi ng'ambo. Hajasomea. Ameshona mapazia, sare za shule na magauni ya maharusi kwa miaka ishirini na sita, na tepu yake ya kupimia haitoki shingoni hata akiwa mezani anakula.

Ndege ilimwingia kupitia viti. Klabu moja ya marubani ilimwita akashone upya viti vya ndege yao ndogo, vile vya zamani vimechanika. Akakaa humo ndani na sindano yake siku nzima, akagonga ukuta wa ndege kwa kidole, akauliza hilo ni bati la aina gani. Rubani akacheka, akamwambia si bati, mama, ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi kikakauka.

Alirudi nyumbani hata viatu hakuvua.

"Baba watoto, ndege ni nguo," akaniambia.

"Nguo?"

"Nguo tupu. Inakatwa, inapangwa, inabandikwa. Sasa kama ni nguo itanishinda nini?"

Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Baada ya wiki tatu aliagiza michoro ya ndege, na baada ya miezi miwili sikuwa na stoo.

Stoo ile ilikuwa yangu. Mimi ni seremala, na humo nilikuwa nikihifadhi meza na makabati yaliyokamilika. Makabati yakahamia sebuleni, sisi tukawa tunaifikia runinga kwa kupita ubavu ubavu. Kule stoo mke wangu alikuwa akikata mabonge ya povu gumu jeupe, lile linalokuja limeikinga friji mpya ndani ya boksi, kwa waya uliotiwa moto. Povu likishapata umbo la bawa, analivika kitambaa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka analishibisha gundi inayochanganywa kutoka makopo mawili. Vipimo vya gundi havitaki mchezo. Mzani wa jikoni ukapotea, na tangu siku hiyo keki za nyumba hii zinapikwa kwa kukisia.

Michoro ilikuwa na maelezo marefu juu ya pembe ambazo nyuzi lazima zilalie. Alisoma ukurasa mzima amekunja uso, halafu akasonya.

"Mshazari," akasema. "Wangesema tu mshazari, tukaokoa karatasi."

Dada yangu mkubwa, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, alikuja kuona bawa la kwanza. Alilizunguka mara mbili, mikono kiunoni.

"Wifi, hongera. Meza ya kupigia pasi kubwa hivi sijapata kuiona."

"Ngoja nimalize, wifi. Nitakuja kukupigia pasi kutoka juu."

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nalizungukazunguka.

Sifa yangu mimi ni polishi. Watu wa mbali huniletea meza za bibi zao nizirudishie ujana. Uso uliofifia ukiwa mbele yangu, mkono unaniwasha. Basi siku moja mke wangu alikwenda kumpima bibi harusi, nami nikaingia stoo kutafuta msumeno. Nikaliona bawa la kushoto limelala juu ya vibao, uso wake mkavu, umefifia, una vinyweleo vinyweleo kama taulo la hoteli ya bei rahisi. Nikamhurumia mke wangu. Kazi yote ile, halafu bawa halina hata mng'aro! Nikachukua kopo langu la nta, nikachukua kitambaa laini, nikalisugua bawa lile saa nzima hadi nikaiona pua yangu ndani yake. Nilitaka akirudi astaajabu.

Lakini nikaitwa ghafla kwenda kufunga makabati ya maabara katika shule moja ya mbali, nikaondoka kabla hajarudi. Nilikaa huko siku nane. Niliporudi, bawa lilikuwa limeshavikwa tabaka jingine na mng'aro wangu hauonekani. Mke wangu hakusema kitu. Nikadhani hakuona, nikaumia kidogo.

Mwezi uliofuata wale marubani walikuja kumtembelea. Nikawa nawapa maji, nikamsikia akiwaeleza jinsi anavyouacha uso wa bawa ukiwa na mikwaruzo makusudi, ili tabaka linalofuata lishike.

"Hapo hata mafuta ya mkono hayatakiwi," akasema. "Ukipaka kitu cha utelezi, gundi inajifanya imeshika. Halafu uko juu, bawa linaanza kubanduka gamba."

"Si unagonga na sarafu, unasikia?" rubani mmoja akauliza.

"Sarafu inasikia hewa. Palipo na hewa panalia bubu. Gundi iliyoshika kinafiki inalia vizuri tu."

Sinia ilinitoka mkononi. Nikaokota bilauri moja moja, polepole kuliko ilivyohitajika.

Ningesema siku hiyo hiyo. Ndivyo ungefanya wewe, najua, wewe ni mtu safi. Mimi nilijiambia nitasema jioni. Jioni nikasema nitasema Jumamosi. Nilimwazia akivunja kazi ya miezi mitano kwa sababu ya kopo langu la nta, ulimi ukawa mzito. Siku moja alipokwenda sokoni niliingia stoo na sarafu, nikaligonga bawa kutoka shina hadi ncha. Lililia vizuri kila mahali, na kadiri lilivyolia vizuri ndivyo nilivyozidi kuogopa.

Kukawa na jambo jingine. Ndege ile kwa mchoro ni ya watu wawili. Alishona viti viwili, kazi safi, mshono mara mbili. Kimoja akakifunga. Cha pili akakitundika msumarini ukutani.

"Hiki vipi?" nikamuuliza.

"Nafikiria kwanza uzito," akasema, bila kunitazama.

Nilipaswa kushukuru. Mimi nikipanda kiti kubadilisha taa hushikiliwa miguu. Hata hivyo kile kiti pale msumarini kiliniuma, tena sana.

Miezi minne ikapita hivyo. Ndipo akaja mkaguzi. Kabla ndege haijapigwa rangi sharti aikague na kutia saini, na baada ya saini hakuna wa kumzuia mke wangu kuruka. Leseni alikwishaipata kwa wale wale marubani. Mkaguzi mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, mkimya, miwani kwenye ncha ya pua. Kwanza aliketi kusoma daftari la kazi, maana mjenzi lazima aandike kila siku amefanya nini. Mimi daftari lile nililisoma ukurasa mmoja tu, gramu na nyuzi joto, nikasinzia. Mkaguzi hakusinzia. Mara mbili tatu aliinua macho, akanitazama mimi juu ya miwani, akarudi kusoma. Nikadhani anataka chai. Nikamletea.

Kisha akatoa sarafu. Akaligonga bawa la kulia, safi. Akaja la kushoto, akagonga ti, ti, ti, mpaka nchani. Akaitia sarafu mfukoni.

"Safi," akasema, na kutoa kalamu.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeokoka. Ningenyamaza tu. Nikamtazama mke wangu, na tepu yake shingoni, akilitabasamia lile bawa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini kifo hiki kingekuwa cha mwingine.

"Usisaini!" nikapiga kelele. "Bawa la kushoto nililipiga polishi. Ndani, chini ya hilo tabaka. Nilipiga nta saa nzima. Mama, nisamehe. Livunje. Nitakusaidia kulivunja."

Mkaguzi akaishika kalamu hewani.

"Huyu ndiye wa ukurasa wa arobaini na moja?" akamuuliza mke wangu.

"Ndiye."

Akanisogezea daftari. Mwandiko ni wa mke wangu, ule ule wa kuandikia vipimo vya wateja:

*Jumanne. Bawa la kushoto linanuka meza ya sebuleni. Mume wangu amelipiga polishi. Ijumaa. Limeoshwa kwa dawa, limepigwa msasa siku tatu, uso umerudi upya. Jumamosi. Tabaka la pili limewekwa. Mwenyewe hajasema.*

Nikafunua mbele. *Mkia, tabaka la kwanza, gramu mia tatu na kumi. Hajasema.* Nikafunua. *Kaangusha sinia. Hajasema.* Nikafunua. *Leo kaligonga bawa na sarafu, anadhani niko sokoni. Nilikuwa dirishani. Karibu aseme.*

"Miezi minne!" nikasema. Hasira na furaha zilinipanda pamoja, sikujua ipi niitoe kwanza. "Miezi minne sili, silali, na wewe unajua bawa ni zima?"

"Bawa nililijua," akasema mke wangu. Sauti yake haikuwa na utani hata chembe. "Aliyekuwa hajakaguliwa ni wewe."

Mkaguzi akajifanya anapangusa miwani. Mke wangu akachukua kalamu kutoka mkononi mwake, akaandika chini ya ukurasa wa mwisho: *Alhamisi. Kasema, mbele ya shahidi.* Akamrudishia atie saini.

Kisha akaenda ukutani, akakitoa kile kiti msumarini, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akanipa mikononi.

"Kina bolti nne. Kifunge mwenyewe, ni chako."

"Na uzito?"

"Umepungua."

"Ila usikipige polishi," mkaguzi akasema. Ndilo neno pekee la mzaha nililomsikia akisema.

Nikainama ndani ya ndege na spana yangu. Mkono mmoja nilijishikilia ukingoni nisianguke, na ndege yenyewe ilikuwa bado chini, juu ya sakafu ya stoo yangu. Nilikaza bolti zote nne, kisha nikazirudia moja moja.