Nilipiga picha ya jicho nijue kama nasahau, nikaulizwa naishi na nani

Wakuu, salaam zenu kutoka Kilwa Masoko. Hii siyo chai, imenikuta mwenyewe na bado ni ya moto. Vijana wa kucheka chekeni tu, nimeshazoea.

Mimi ni mstaafu, Mmwera wa Kilangala, kazi ndiyo ilinileta Masoko nikabaki. Mke wangu alitangulia mbele ya haki, watoto wako Dar. Huwa wanapiga. "Mzee uko poa?" Niko poa. Basi, imeisha hiyo.

Nyumba ya mtu mmoja haina wa kukubishia. Nikikuta sufuria imeungua, ni mimi. Nikikuta chumvi kwenye kabati la nguo, ni mimi pia, ila sikumbuki.

Unajiuliza "hivi jana nilikula?" na anayejibu ndiye huyo huyo unayemshuku.

Nikaanza kuogopa Alzheimer, ule ugonjwa unaokula kumbukumbu kidogo kidogo.

Kupekua mtandaoni nikasoma kwamba wataalamu wanachunguza kama picha ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, inaweza kuonyesha dalili zake mapema. Nilifurahi mno. Nina kisukari, picha hiyo napigwa kila mwaka kwenye kliniki ya macho huko Lindi. Nikasema safi, mashine itaniambia, sina haja ya kumsumbua mtu.

Nilikwenda na Bakari, fundi viatu, jirani yangu. Yale matone ya kupanua mboni yanakuacha huoni vizuri kwa masaa, lazima uwe na wa kukushika mkono.

Bakari ni Mngindo, mtani wangu. Kwa wasiojua mambo ya kusini, mtani anaweza kukusema lolote, hata msibani, na hukasiriki. Tangu stendi hadi Lindi ananinanga, namrudishia.

Basi, nikatiwa matone, nikaweka kidevu kwenye mashine, mwanga ukapiga. Daktari, binti wa rika la mwanangu wa mwisho, akanionyesha picha kwenye skrini. Duara la rangi ya papai bivu, mishipa imetambaa.

"Baba, sukari haijagusa jicho. Hongera."

Nikamuuliza lile langu la kusahau. Hakunicheka. Akasema utafiti upo kweli, ila haujafika pa kumpimia mtu.

"Nikisema picha hii imenionyesha kumbukumbu zako, nitakuwa nakudanganya. Kwa hilo tunaanza na maswali, na tunamuuliza mtu anayekuona kila siku. Nyumbani unaishi na nani?"

Wakuu, nilitaka kamera inione kwa sababu sina mwingine wa kuniona.

Nikasema, peke yangu. Hapo nje yuko mtani wangu tu.

Akamwita. Bakari akaingia na maneno yake: "Daktari, Mmwera huyu akili hajawahi kuwa nayo. Mnatafuta iliyopotea ipi?"

Daktari akatabasamu, akamuuliza taratibu kama kuna kitu amekiona kwangu.

Bakari akavuta kiti, akaketi. Uso wake sikuuona vizuri kwa yale matone, nikabaki kusikiliza.

"Mama yangu alifariki kabla ya Ramadhani," akasema. "Huyu alikuja kuhani, akaleta na sukari. Baadaye akaja tena na sukari, ananipa pole kama ndiyo kwanza kasikia. Juzi kaja tena. Mwanzo nilidhani utani. Siku hizi napokea tu, namwambia ahsante ndugu yangu."

Mimi nakumbuka kwenda mara moja.

Nimepewa rufaa ya vipimo zaidi. Daktari alisema siyo lazima iwe Alzheimer, huenda ni sukari yenyewe, huenda ni upweke. Nasubiri.

Njia nzima ya kurudi Bakari hakunitania hata neno. Hilo liliniuma kuliko yote. Nililia, bahati nzuri matone yalinipa kisingizio.

Fundisho langu ni hili. Una mzazi anayeishi peke yake? "Niko poa" ya kwenye simu siyo kipimo. Nenda ukakae naye, ule anachopika. Na wewe wa peke yako kama mimi, tafuta mtu umpe ruhusa ya kukuambia ukweli.

Mwenye uzoefu wa vipimo hivi, karibu aseme chochote.

Na kama uzi huu nilishauleta humu siku za nyuma, niambieni tu. Sitakasirika.