Nilivyomchemshia mkwe wangu yai huko Hanang, almanusura nimuue

Habari za muda huu wakuu.

Hapa sitaongeza chumvi, maana mhusika yupo hai na mke wangu ni member humu. Nikidanganya ataniumbua kwenye comment ya kwanza.

Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, mzaliwa wa Temeke. Mke wangu Paskalina ni Mmbulu, kwao Endasak, kwenye miteremko ya mlima Hanang.

Mwaka huu baba yake, Mzee Amsi, alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa yanatoka kwa shida sana. Aliporuhusiwa hospitali tukahamia kijijini kwa muda, tusaidiane na mama mkwe kumuuguza.

Nesi aliyemruhusu alisema: akila akae wima, chakula kiwe laini, msimharakishe. Nilisikia kwa masikio yangu haya. Ila kusikia na kuelewa ni vitu viwili.

Jambo moja kwanza, kwa wasiojua. Mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Unamwamkia, unasubiri akuitikie, unakaa mbali kidogo. Miaka sita ya ndoa sikuwahi kumgusa yule mzee zaidi ya kupeana mkono.

Sasa tuje kwenye yai.

Mzee alitakiwa apate yai kila asubuhi. Siku moja nikajitolea kuchemsha mimi. Nikaweka timer ya simu dakika saba, kama nyumbani Temeke. Mama mkwe akalipasua, ute ukamwagika kwenye sahani kama makamasi.

"Dakika ngapi hili?" akauliza.

"Saba, mama."

"Saba za wapi?"

Akanieleza kwamba huku juu mlimani maji yanatokota mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha. Unayaona yanaruka ruka ukadhani kazi inafanyika, kumbe yai bado. Akalirudisha jikoni mwenyewe. Nikaona aibu.

Kesho yake asubuhi yeye na Paskalina wakapanda bodaboda kwenda Katesh kufuata dawa za presha. Paskalina akageuka akiwa tayari juu ya pikipiki.

"Baba umpe yai. Na liive!"

Hilo neno "liive" ndilo lililoniponza.

Nikachukua mayai matatu bandani, yametagwa asubuhi ileile, bado yana joto la kuku. Nikayatumbukiza kwenye sufuria, nikachochea kuni, nikasema leo sitaki aibu. Halafu nikaenda kutengeneza komeo la banda ambalo lilikuwa limelegea.

Wakuu, fundi akishika bisibisi huwa anasahau dunia.

Nilikuja kushtuka nasikia mzee anagonga fimbo yake sakafuni ndani. Njaa. Na dawa yake ya asubuhi anaimeza baada ya kula. Nakimbilia jikoni nakuta maji yamebaki kidogo chini, mayai yanagongana, mawili yamepasuka. Yalikuwa yamekaa motoni kama dakika arobaini.

Kumenya nako ikawa vita. Ganda linatoka na nyama yake. Nilipolikata, kiini kimezungukwa na rangi ya kijani kama ukungu, katikati kikavu, kinapukutika. Na kile kiharufu.

Nikajiambia, limeiva sana, kwani ubaya uko wapi? Si ndicho walichotaka?

Nikalikata vipande vinne. Nikamkalisha mzee kwenye kiti, nikaanza kumlisha. Cha kwanza akatafuna muda mrefu. Cha pili vilevile.

Simu ikaita. Mteja wa Dar, anataka kujua madirisha yake. Nikawa naongea huku namwangalia mzee kwa jicho moja, nikamwekea kipande cha tatu mdomoni wakati cha pili hajakimeza.

Nilikata simu baada ya kuona mkono wake wa kushoto umenikamata shati.

Hakukohoa. Hakutoa sauti yoyote. Nilidhani mtu akipaliwa anapiga kelele, kumbe kimya ndicho kibaya. Mdomo wazi, macho yametoka, kifua kinavuta na hewa haiingii.

Nikashika kikombe cha maji. Kabla sijakifikisha mdomoni mwake nikakumbuka mafunzo ya huduma ya kwanza tuliyopewa kwenye saiti moja ya ujenzi. Aliyekabwa akashindwa hata kukohoa, usimpe maji. Mwinamishe mbele, mpige kati ya mabega.

Mpige.

Mkwe wangu.

Nikamwinamisha, nikainua kiganja, kikaganda hewani. Wakuu, nilisita. Sekunde mbili au tatu ambazo mpaka leo zinaniamsha. Midomo yake ilishaanza kubadilika rangi.

"Shikamoo baba," nikasema. Sijui hata kwa nini nilisema hivyo. Halafu nikampiga.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Hakuna kitu.

Nikapiga magoti nyuma ya kiti, nikamzungushia mikono tumboni, ngumi juu kidogo ya kitovu, nikavuta ndani na juu kwa nguvu. Hakuna kitu.

Hapo ndipo Mama Neema, jirani, alipotokea mlangoni na jembe lake begani. Alichokiona ni mtu wa Dar amemkaba mzee mgonjwa kwa nyuma.

"Unamuua mzee! Jamani, njooni! Mkwe anamuua mzee!"

Akatoka mbio anapiga yowe. Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Nikavuta tena. Mzee alishaanza kulegea, kichwa kimeniangukia begani. Nikavuta mara ya tatu, nikasikia kitu kimetoka kama kizibo cha chupa.

Donge la kiini likadondoka sakafuni.

Akavuta hewa. Sauti ya ile pumzi siwezi kuielezea. Nikakaa chini palepale, nimemshikilia asianguke.

Wanaume watatu wakaingia na fimbo. Kwenye macho yao niliona kabisa kwamba hakuna wa kunisikiliza. Mmoja akanishika ukosi akaniinua.

"Umemfanya nini mzee wetu?"

"Amepaliwa," nikasema. "Nilikuwa namsaidia."

"Mama Neema amekuona unampiga!"

"Ndiyo nimempiga, lakini..."

Hiyo "ndiyo" nusura inimalize. Fimbo ikainuliwa.

Mzee Amsi akanyanyua mkono wake mzima. Wote wakatulia. Akawa anatafuta neno, shingo imekaza, mate yanamtoka. Tulisubiri. Mimi nilisubiri kuliko wote, maana maisha yangu yalikuwa kwenye ule mdomo uliopinda.

"Y... ya..."

Akafumba macho, akajaribu tena.

"Yai."

Akanyoosha kidole sakafuni. Yule aliyenishika akatazama lile donge, akalisogeza kwa ncha ya fimbo. Akaniachia ukosi taratibu. Mama Neema akashika mdomo.

Hakuna aliyecheka.

Walewale waliokuja kunipiga ndio waliotafuta pikipiki. Tukampakiza mzee katikati, mmoja wao nyuma amemkumbatia, mpaka zahanati. Walimpima kifua, kikawa safi. Tukaambiwa tuangalie homa siku zinazofuata, na nikapewa darasa na nesi ambalo sitalirudia hapa kwa heshima yangu mwenyewe.

Paskalina na mama yake waliporudi nikasema yote, pamoja na simu niliyopokea. Paskalina alilia. Mama mkwe akaomba aone mayai yaliyobaki. Akavunja kiini kimoja kwa vidole, kikamwagika kama unga.

"Baba," akaniambia, "hili si yai. Hii ni chokaa."

Asubuhi yake akaniweka jikoni akanifundisha. Nawaandikia nilivyoelewa:

Yai la kuchemsha lisiwe la leo. Likae siku nne au tano, la leo litakusumbua kumenya. Maji yatangulie kuchemka, ndipo ushushe yai kwa kijiko, taratibu. Kisha punguza kuni, maji yacheze kidogo tu, funika. Pale Endasak yeye anaacha dakika kumi na mbili. Ukitoa, tumbukiza kwenye maji baridi palepale, maana yai likitoka motoni linaendelea kujipika lenyewe, na ndio mwanzo wa ule ukijani. Ligonge upande mnene, limenye ndani ya maji.

Kiini kiwe kimeshikana ila kina unyevu. Kwa mgonjwa wa aina ya mzee hata hilo halitoshi. Unaliponda na maziwa kidogo mpaka liwe laini kabisa, unalisha kwa kijiko kidogo, unasubiri ameze, unaangalia mdomo, ndipo unaongeza. Na kabla ya yote muulize mtaalamu kama koo lake linaweza, sisi tulipaswa kuuliza mapema.

Simu iache chumba kingine.

Nililokuja kujifunza ni kwamba mimi sikushindwa yai kwa kukosea dakika. Mara zote mbili nilikuwa namwogopa atakayelikagua, sikuwa namfikiria anayekula.

Tulikaa miezi miwili. Baada ya siku ile mzee alikataa kulishwa yai na mtu mwingine yeyote, hata mkewe. Kila asubuhi mimi na yeye, magoti kwa magoti, hatuongei.

Juzi nimeingia ndani kumuaga naenda Dar. Nikamwamkia, akaniitikia kwa kichwa. Nikamshika mkono, akaung'ang'ania.

"Rudi," akasema.

Mara moja tu, neno halikukwama popote.

Naombeni uzoefu wenu, hasa mnaouguza wazazi nyumbani. Na walioko Mbulu, Lushoto, Njombe na Makete, kwenu yai ni dakika ngapi? Wenye matusi nayo nayapokea, nimestahili.