Kurasa Nane za Mwisho

Mtu mzima akiingia kwenye maktaba ndogo ya Levolosi na kusema, "Nipe kitabu kizuri, mama," Tabea, mkutubi wake, hakukurupuka. Alimpima kwanza kwa macho, kama fundi cherehani. Mjane alipewa cha kuchekesha, maana vya kuliza anavyo nyumbani. Mfanyabiashara asiyepata usingizi alipewa kinene. Na mwenye uso wa mtu anayemaliza anachokianza alipewa kile cha jalada la bluu.

Hicho hakikuwa na mwisho.

Ilikuwa hadithi ya mwanamume aliyemuaga mkewe akavuka mlima kutafuta kazi, na mke akabaki akiuacha mlango bila komeo kila jioni. Tabea na marehemu mumewe, Anaeli, walikisoma kwa zamu, wakibishana mpaka chai ikapoa. Mwaka aliofariki Anaeli, kurasa nane za mwisho zikachomoka. Tabea akazitia kwenye droo ya meza yake ya kazi akinuia kuzigundisha, lakini nani ana akili ya gundi akiwa msibani? Kitabu kikaazimwa hivyo hivyo. Mzee Ludovick, muuza rangi wa duka la pili kutoka hapo, alikirudisha baada ya wiki mbili, akasema huku akitazama sakafu, "Kizuri sana, mama. Asante." Kisha akaondoka upesi.

Kizuri sana! Kitabu kisicho na mwisho! Tabea aliumia kuliko alivyotegemea. Kumbe hata huyu hakusoma. Tangu siku hiyo akaziacha zile kurasa drooni makusudi, zikawa mtego. Atakayefika mwisho kweli atarudi kumuuliza, "Je, yule bwana alirudi?" Na huyo ndiye atakayekuwa mtu wa kuzungumza naye.

Miaka tisa ikapita. Wanafunzi walijaa na madaftari yao, wakitafuta meza tu, bila kugusa kitabu hata kimoja. Watu wazima walikuja mmoja mmoja, na baadhi walikiulizia wenyewe kile cha bluu, naye akadhani ni jalada linalowavuta. Wote walikirudisha na neno lile lile: kizuri sana. Jioni alirudi kwake Engutoto, akapika ndizi za mtu mmoja kwenye sufuria ya watu sita. Alikuwa mpweke, tuseme ukweli, na ukaidi ulimzidishia. Angeweza kumuuliza msomaji yeyote swali moja tu. Hakuuliza. Alitaka aulizwe yeye.

Ijumaa moja ya Julai, Mlima Meru ukiwa umejificha mawinguni siku ya tatu, Tabea alifanya kazi siku yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Alikwisha kufungasha chupa ya chai na sweta. Zilibaki zile kurasa.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Mwalimu Sabina, mstaafu wa Nduruma aliyehamia mjini kwa bintiye. Alikuwa ameazima kile cha bluu mwezi uliopita, na sasa alikishika kwa mikono miwili, kimefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuungama." Akakifungua mezani. "Sikukichana mimi. Nilikikuta hivi hivi. Lakini kama ni kulipa, nitalipa. Nimechapa watoto miaka thelathini kwa kuchana vitabu, siwezi kuanza kuficha leo."

"Nani amekuambia ulipe?"

Mwalimu akanyoosha kidole juu ya kichwa cha Tabea. Tabea akageuka. Ukutani, kwa mwandiko wake mwenyewe na wino mwekundu, palikuwa na tangazo lililokaa nyuma ya mgongo wake miaka yote: ATAKAYERUDISHA KITABU KILICHOCHANIKA ATAKILIPA.

"Kwa hiyo ulifika mwisho?" Tabea akauliza.

"Nani hakufika? Kanisani kwetu tulikisoma watu saba. Tunatumana: nenda na wewe ukasome, uje uamue. Kila Jumapili baada ya misa tunabishana pale nje mpaka chai inapoa. Ila tuliambizana, ukikirudisha sema kizuri, uondoke, usije ukabambikiwa."

Kanisa lenyewe lilikuwa ng'ambo ya barabara. Bati lake lilionekana kutoka kwenye kiti cha Tabea. Yeye, Mlutheri, Jumapili alisali kwao Engutoto.

"Na mnasemaje?"

"Sita tunasema alirudi. Mzee Ludovick peke yake alishikilia kwamba hakurudi. Wenzangu walimcheka, wakamwita moyo wa jiwe, mpaka tukamzika Pasaka hii."

Tabea akavuta droo, akaziweka zile kurasa juu ya meza. Mwalimu Sabina akazihesabu kwa kidole.

"Kumbe ulikuwa nazo."

"Nilikuwa nasubiri mtu aniulize."

"Na sisi tulikuwa tunakuogopa."

Tabea hakujua kama acheke au alie. Akalia. Mwalimu Sabina akavuta kiti, akaketi, akakunja kanga yake magotini.

"Haya, mwanangu. Nakuuliza mimi. Alirudi?"

Tabea alikumbuka mzee aliyetazama sakafu, na duka la rangi lililokuwa hatua ishirini tu kutoka mlangoni pake.

"Mzee Ludovick alipatia," akasema.