Mume Wangu Amenikataza Kuimba, na Mimi Sina Pengine pa Kwenda

Admin, naomba unifichie jina, hata la mtoto nimelibadilisha, huku kwetu tunajuana wote. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mkulima, naishi Titye, Kasulu. Nina mume na binti mmoja wa darasa la pili. Simu hii ni ya mdogo wangu, mimi nasema yeye anaandika, kwa hiyo mnisamehe nikirudia maneno.

Mwaka juzi nilipanda bodaboda kupeleka maharage sokoni. Mvua ilikuwa imenyesha, pikipiki ikateleza, nikaangukia mgongo. Tangu hapo miguu yangu haina kazi. Hospitali waliniambia nirudi nyumbani, nizoee. Nizoee! Kutwa niko kwenye mkeka, nawasikia wenzangu wakipita kwenda shamba wanacheka.

Mume wangu hakunikimbia, hilo lazima niliseme. Ndugu zake walimwambia aoe mwingine, akakataa. Ananibeba mgongoni kwenda chooni, ananiogesha, akirudi kazini anasonga ugali. Lakini maneno yaliisha kati yetu. Ananibeba kama gunia, usoni haniangalii.

Kilichoniokoa ni inanga ya marehemu baba, ule ubao wetu wenye nyuzi. Mdogo wangu aliniletea, nikawa naipiga na kuimba Kiha chetu. Majirani wakaanza kuja na mahindi yao kupukuchulia barazani kwangu ili wasikilize. Binti yangu akawa anaitikia. Jamani, nilikuwa nacheka tena! Nikatunga wimbo wangu mwenyewe: "Anayenibeba amechoka, mgongo wake naujua, uso wake nimeusahau." Sikumtaja mtu. Mdogo wangu akaurekodi kwenye simu, watu wakarushiana.

Mume wangu anauza nguo za mitumba, huwa anafika hadi Mabamba kule Kibondo. Siku moja amekaa kwenye kibanda cha kuchaji simu, akanisikia. Sauti ya mkewe, kwenye spika! Wanaume pale wakawa wanasema, "Huyo mume ni mnyama wa namna gani?" Na yeye yupo hapo hapo katikati yao, hawamjui.

Alirudi nyumbani hajala. Nilidhani atanipiga. Alikaa chini akanisimulia huku analia, mtoto anaona.

"Mama Neema, nimekuogesha kwa mikono hii. Ndiyo umeenda kunisema kwa watu?"

Nikamwambia, "Baba Neema, ningekuambia wewe, lakini hukai na mimi."

Alinyanyuka, akaichukua inanga akaitundika juu kwenye kenchi ya paa, mahali ninapoiona lakini siifikii. Akasema, "Usiimbe tena ndani ya nyumba hii."

Nimetii. Wakati huo watu walikuwa wanapanda, sasa wanavuna. Majirani hawaji tena. Chakula hakipiti, usingizi sina, kuna siku natamani ningefia pale pale barabarani. Binti yangu ananiuliza, "Mama, tuimbe kidogo tu, baba hayupo?" Namwambia anyamaze, halafu nageukia ukutani asinione.

Wiki hii amekuja mama mmoja, mwalimu wa kwaya kutoka Kasulu mjini. Ameusikia ule wimbo. Anataka Jumapili baada ya ibada waje hapa na vyombo vya kurekodi, niimbe, kwaya iniitikie. Nilitetemeka kwa furaha hadi akanishika mabega. Jioni nikamweleza mume wangu. Wala hakupaza sauti.

"Wakija, waje na mtu wa kukubeba. Mimi nitakuwa nimeondoka."

Namjua, hatanii. Mdogo wangu anasema nihamie kwake, lakini wana chumba kimoja, na shemeji alishasema hawezi kuuguza. Na binti yangu nimwache na nani?

Ndugu zangu, yule ni mtu mwema, na wimbo wangu ni wa kweli. Yote mawili. Ningemwomba msamaha, lakini nikiomba nitakuwa nimesema nilidanganya, na sikudanganya. Nikinyamaza hivi, naona kabisa sifikishi mwaka.

Mwalimu wa kwaya anasubiri jibu langu. Nawaomba ushauri, hasa ninyi mnaouguza mtu ndani na ninyi mnaouguzwa, msinitukanie mume wangu. Niwaambie waje, au niwaambie wasije?